Mkia wa Bosco

Chaka, 18 Februari 2024

Kwako Moffat,

Natumaini wewe na mkeo Kagure mko wazima, na kwamba duka linauza. Sisi huku tupo. Vitunguu vimekubali mwaka huu na ng'ombe amezaa ndama jike. Mama anakula vizuri. Sijui kama ulitaka kuyajua hayo, lakini nililelewa kuanza barua kwa salamu na hasira yako haitanibadilishia malezi.

Naandika kwa kalamu kwa sababu nikikupigia simu naambiwa hupatikani. Nilijaribu kwa simu ya jirani, Wamae, ukapatikana mara moja, na uliposikia sauti yangu ukakata. Sawa. Umeifungia namba yangu tangu Krismasi, kwa kuwa nilisema mbele ya mashemeji zako kwamba mtu hawezi kutoka Kutus hadi hapa kumwona mama yake kisha aondoke kabla chai haijapoa. Nilisema na sijutii. Barua hii anakuletea Ngatia, yule anayeuza mchele huku sokoni kwetu, na huyo huwezi kumfungia kwa sababu ni mteja wako.

Jambo lenyewe ni mbwa wako. Tulipoibiwa ng'ombe mwaka jana ulikuja na Bosco kwenye buti ya gari, ukasema umemtoa kwa wafugaji wa Doldol. Ukajenga kibanda cha mbao nyuma ya jikoni, ukaniachia amri: afungiwe humo mchana kutwa asione watu, afunguliwe jioni, ndipo awe mkali. Ndivyo wanavyofugwa mbwa wote huku Kieni, kwa hivyo sikubisha. Nimefuata amri yako hadi leo.

Sasa Bosco anazunguka. Nikimfungua jioni haendi getini. Anasimama palepale, anageuka, anauona mkia wake na kuanza kuufukuza, duara baada ya duara, mpaka anaanguka. Akiinuka anaanza tena. Hata akiwa kibandani namsikia akijigonga kwenye mbao. Wiki hii aliushika, akautafuna mpaka damu ikatapakaa ukutani. Wezi wakija watamkuta ana shughuli zake.

Njoo umchukue, au uniambie la kufanya. Nina mtu mwingine wa kuangalia hapa nyumbani, kama umesahau.

Dada yako,
Wachuka


Kutus, 15 Machi 2024

Wachuka,

Barua ilifika. Kagure anakusalimu, na mimi nakusalimu ingawa ulianza kunichokoza kabla ya salamu kwisha. Joto huku ni kali na nyanya zinawaozea watu shambani. Biashara inasukumika. Msalimie mama.

Kuhusu Krismasi sina la kusema. Je, ulijua kwa nini niliondoka? Hukuuliza. Ulipaza sauti tu, kama bado umesimama mbele ya darasa la nne, na ulistaafu zamani. Tuyaache hayo.

Kuhusu mbwa: nilikuletea mbwa mzima. Mama yake nilimwona kwa macho yangu akirudisha mbuzi waliotawanyika bila kuambiwa na mtu. Mbwa wa ukoo huo haharibiki hivihivi, lazima kuna mtu amemharibu. Nadhani unamfungulia mchana na kumtupia ugali mlangoni, sasa amegeuka mbwa wa michezo. Baba alifuga wanne kwenye kibanda kimoja na hakuna hata mmoja aliyezunguka.

La pili, huo ni mnyoo. Kila mtu hapa anajua. Kuna mnyoo unaokaa ndani ya ncha ya mkia, unamwasha, naye anaufuata. Dawa ni kukata ncha. Tafuta mtu mwenye panga lililonolewa, mbwa afungwe mdomo kwa kamba, akatwe, mpake majivu, kazi imeisha. Nimewauliza wateja wangu watatu na wote wamesema vivyo hivyo.

Na usimtoe kibandani mchana. Mbwa akizoea watu hana maana tena.

Moffat


Chaka, 7 Aprili 2024

Kwako Moffat,

Salamu zako nilimfikishia mama. Aliuliza ni za nani, nikamwambia, akasema asante. Ndama ananyonya vizuri. Mvua imeanza na njia ya kuingia kwetu ni matope matupu. Ukija uje na gambuti, lakini najua huji.

Mkia sikuukata. Nilimwita Daktari Murugi, yule mama wa mifugo anayemtibu ng'ombe wetu, nikamsomea maneno yako. Hakucheka, ingawa mimi nilitaka acheke. Alimkagua Bosco kwanza mwili mzima. Alitafuta viroboto, akaangalia ngozi na masikio, akaangalia chini ya mkia ambako mbwa ana vifuko viwili vinavyoweza kujaa vikamuuma, kisha akaupapasa mkia wenyewe polepole kuona kama uliwahi kuvunjika. Akasema hayo lazima yaangaliwe kabla ya yote, maana mbwa mwenye maumivu naye huzunguka vivyo hivyo. Viroboto alikuwa nao. Minyoo ya tumbo pia. Kwa yote mawili amepata dawa, na donda limepakwa. Mnyoo wa mkiani hayupo, kwa Bosco wala kwa mbwa mwingine yeyote. Wape habari wateja wako watatu.

Kisha akainama akachungulia kibandani, akaniuliza huyu mbwa alitoka wapi. Nilipotaja Doldol akatikisa kichwa. Akaniambia: "Madam, huyu alizaliwa atembee na mbuzi kutoka asubuhi mpaka jioni. Hiyo kazi bado iko ndani yake. Sasa mmemweka kwa boksi. Atafukuza nini? Kitu iko karibu ni mkia yake."

Anataka kibanda kiwe cha kulala tu. Mbwa atembezwe asubuhi na jioni, na apewe mfupa wa kumkalisha akitafuna. Akizunguka asipigwe wala kufokewa, maana hilo humtia wasiwasi naye akazidi. Aitwe mapema, kabla hajakolea, apewe kitu kingine cha kufanya. Na asichekwe wala kupigiwa makofi, kwa sababu mbwa akiona watu wamefurahi hurudia alichofanya.

Hapo ndipo penye shida. Mama hukaa dirishani, na Bosco akizunguka, mama anacheka. Anacheka na kupiga makofi. Moffat, hujamsikia mama akicheka tangu tumzike baba, na mimi pia sikuwa nimemsikia. Bosco naye hutazama dirishani kisha huongeza mwendo, mkia unatoka damu, na mama anazidi kushangilia. Nasimama katikati yao na sijui nimzuie nani.

Daktari ameniagiza pia nichunguze ni nini hutokea kabla Bosco hajaanza. Nimechunguza. Huanza nikichukua funguo.

Wachuka


Kutus, 20 Aprili 2024

Wachuka,

Tuko salama. Kagure ana mafua. Mengine ni ya kawaida.

Kwanza, kama mama anacheka, mwache mbwa azunguke. Mkia wa mbwa ni kitu gani mbele ya kicheko cha mama yetu? Umepata daktari wa kukwambia umnyime furaha moja aliyobaki nayo, nawe unaniandikia kana kwamba hilo ni swali gumu.

Pili, funguo gani? Kibanda cha Bosco nilikijenga kwa mikono yangu. Kina komeo la mbao ambalo hata mtoto hulisukuma kwa kidole. Hakijawahi kuwa na kufuli. Kwa hivyo nilimuuliza Ngatia, naye, kwa kuwa hapendi fitina, alikwepakwepa kwanza halafu akasema: "Boss, ile siku nilileta barua yako nilipitia nyumbani kabla ya soko. Nikapata kufuli iko nje ya mlango. Nikabisha, nikasikia mama yenu ndani akiuliza ni nani. Sasa ningefungua aje?"

Wewe ulikuwa sokoni na vitunguu vyako. Mbwa alikuwa kwenye boksi nyuma ya jikoni, na mama yetu mzazi kwenye boksi mbele ya jikoni. Hilo hukuliandika hata mara moja. Ati mama anakula vizuri. Ati mama hukaa dirishani. Bila shaka hukaa dirishani, angekaa wapi kwingine?

Krismasi uliniaibisha mbele ya watu kwa sababu niliondoka mapema. Ndiyo, niliondoka. Lakini sikumfungia mtu.

Mwisho wa mwezi natuma mtu aje amchukue Bosco akapigwe sindano ya kumaliza mambo. Nitakutafutia mbwa mwenye akili. Na kuhusu mama nitaongea na watu wa ukoo, wajue unavyomtunza.

Moffat


Chaka, 30 Juni 2024

Moffat,

Hatujambo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilipoanza nilijaza ukurasa kwa maneno ambayo dada hamwandikii ndugu yake. Kurasa hizo nimewashia moto wa jikoni. Haya ndiyo yaliyobaki.

Mtu wako alikuja na kamba na gunia. Nilimkuta getini nikamwambia arudi alikotoka, akarudi. Ni mtu mpole. Usimtume tena.

Ndiyo, nilikuwa namfungia mama. Siku za soko, nikitoka mpaka nirudi. Mwaka jana nilimwacha mlango wazi, akatoka, akafika barabara kuu ya kwenda Nanyuki, akatembea katikati ya lami akiwa na ndara mguu mmoja. Dereva wa lori la mbao ndiye aliyesimama akamshika mkono akamrudisha. Wewe hukuambiwa kwa sababu ungesema namtunza vibaya, na sasa umesema. Nisipouza vitunguu hatuli. Nilikuomba ukae naye Kutus kwa mwezi mmoja tu, nipumzike. Ulisema huko kuna joto, hatalizoea.

Na ndani alikuwa anazunguka. Hilo pia sikukuandikia. Anaizunguka meza akigusa viti kimoja kimoja, anaingia kila chumba, anarudi mezani, anaanza upya. Soli za ndara zimetoboka kwa kutembea ndani ya nyumba. Daktari Murugi aliporudi kumwangalia Bosco alisimama mlangoni akamtazama mama akizunguka. Alivaa gambuti zake akaenda kwa mbwa. Afadhali angenitukana.

Mkia umekatwa. Usifurahi. Donda liliingia uozo, ikabidi daktari amdunge ganzi, aikate ncha na kushona, na Bosco akavalishwa shingoni ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako asifikie kidonda. Alipovuliwa ndoo aliendelea kuufukuza mkia uliobaki. Mnyoo wako labda ulihamia juu.

Ndipo nikajua kwamba nilikuwa nimefuata maagizo yote ya daktari isipokuwa lile kubwa. Dawa nilimpa, mfupa nilimpa, lakini kumtembeza sikumtembeza, kwa sababu ningetoka vipi na mbwa na kumwacha mama? Asubuhi moja nilisema leo nitajaribu. Nikachukua funguo ili nimfungie mama kwanza. Bosco akasikia funguo, akaanza kuzunguka. Mama akamwona, akaanza kupiga makofi. Nikashindwa, Moffat. Niliketi kizingitini nikalia kama mtoto. Nilipomaliza kulia nikaitundika kufuli kwenye msumari, nikampa mama kamba ya Bosco ashike, tukatoka sote.

Tunapita njia ya nyuma, kando ya reli, mpaka mwisho wa shamba la Wamae, halafu tunarudi. Mama haongei, anatembea tu. Akipinda kuelekea barabara kuu Bosco hupita upande huo, humwegemea miguuni na kumsukuma kidogo kidogo mpaka arudi njiani. Hakufundishwa na mtu. Hiyo ndiyo kazi aliyokuja nayo kutoka Doldol, na sisi tukamfungia kibandani pamoja nayo.

Siku hizi hazunguki sana. Akisikia kelele au akiona mgeni bado huanza, lakini nikimwita huacha. Mama naye hacheki tena, kwa kuwa hakuna cha kumchekesha. Kicheko hicho nimekipoteza mwenyewe na kinaniuma. Lakini hazunguki meza tena, na usiku analala. Siku za soko naenda nao wote wawili. Wanakaa kando ya vitunguu vyangu na watu wamewazoea.

Kwa hivyo mbwa wako wa ulinzi amekwisha. Anawapenda watu hadi aibu. Nenda uwaambie ukoo hilo pia.

Wachuka


Kutus, 4 Agosti 2024

Wachuka,

Kagure anakusalimu. Hapa wote wazima. Sikuongea na ukoo.

Nilikuja Jumamosi ya wiki juzi. Nilikuta geti liko wazi, mlango umerudishwa tu, na kufuli iko kwenye msumari kama ulivyoandika. Hapakuwa na mtu wala mbwa. Mtu angeweza kubeba nyumba nzima akaenda nayo, na hilo ndilo nililotaka kukuandikia. Nikarudi kwenye gari. Pale barabara inapovuka reli niliwaona kwa mbali, mama katikati, mbwa upande wa lami, wewe nyuma na kikapu. Nilipunguza mwendo. Sikusimama.

Najua unaniona mtu wa roho mbaya. Basi sikia. Siku ile ya Krismasi, ulipokuwa jikoni, mama alinishika mkono. Nilifurahi, nikajua amenikumbuka. Akaniuliza: "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamwambia ni mimi, Moffat. Akasema kijana wake Moffat yuko shuleni, nisimdanganye, na niondoke kabla mwenye nyumba hajarudi akanikuta. Alisema kwa heshima, vile alivyokuwa akiwaambia wachuuzi. Basi nikaondoka. Mama yangu alinifukuza nyumbani kwetu, nawe ukatoka jikoni na birika ukanimalizia mbele ya mashemeji.

Wewe anakujua. Unamshika mkono mnatembea. Usiniandikie tena kuhusu nani anamtunza na nani hamtunzi, kwa sababu hujui inavyokuwa.

Namba yako nimeifungulia. Lakini usinipigie kwa ajili ya haya.

Moffat


Chaka, 11 Agosti 2024

Kwako Moffat,

Tuko wazima. Mama ana kikohozi kidogo cha baridi hii ya Agosti, na daktari wa zahanati amesema si kitu. Ndama ameachishwa ziwa. Msalimie Kagure.

Sitakupigia. Uliyoyaandika kwa kalamu nitayajibu kwa kalamu.

Siku uliyotuona, Bosco alisimama ghafla pale kando ya reli akaanza kuutafuta mkia. Nilishangaa kwa sababu hapakuwa na mgeni, kulikuwa na gari tu likipita polepole. Nilimwita akaacha. Sasa naelewa ni sauti ya gari gani aliyoisikia. Ndani ya buti ya gari hilo ndimo alimoletwa.

Ungeniambia siku ileile ya Krismasi ningenyamaza. Ningeiweka birika chini nikakaa nawe. Hukuniambia. Ulinifungia namba, ukatuma mtu na gunia, ukaniita mfunga watu. Sijakusamehe, na usiisome barua hii kana kwamba nimekusamehe.

Njoo Jumamosi. Uje mapema kabla hatujatoka, na uvae viatu vya kutembea. Bosco akianza kuzunguka kwa sababu yako, usimfokee, usimcheke, na usirudi kwenye gari. Mwite kwa jina, mpe kamba yake ashike mdomoni, umsubiri.

Mama naye atakuuliza tena wewe ni mtoto wa nani. Mwambie. Asipokubali, mwambie tena tukiwa njiani. Umeandika kwamba mimi ananijua. Huniuliza swali hilo kila asubuhi, Moffat. Namwambia mimi ni Wachuka wake, halafu namkorogea uji.

Dada yako,
Wachuka